Misimu Mitatu Mfululizo ya Salvator Irankunda

Baba Padri, wazee wetu, ndugu wafiwa, majirani wa mtaa wa St Marys hapa Sydney na ninyi nyote mliotoka mbali kuja kumsindikiza mpendwa wetu, naitwa Térence, ni mdogo wake Verdiane, mjane wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuisoma historia hii, ambayo nimeiandika kwa kufuata vyeti, kadi ya ubatizo na madaftari kumi na moja aliyoyaacha marehemu mwenyewe, na pale ambapo karatasi hazikubaliani nitasema hivyo.

Kuhusu kuzaliwa, karatasi hazikubaliani. Hati zote za Australia zinasema kwamba Salvator Irankunda alizaliwa tarehe 1 Januari 1946, tarehe ambayo karani wa kambi aliwaandikia watu wote waliokuwa kwenye foleni siku ile, lakini kadi ya parokia inasema alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 17 Agosti 1947, katika kilima kimoja cha Kayanza, nchini Burundi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Méthode na mkewe, na familia inaifuata parokia. Mzee Méthode alikuwa mkulima na mfugaji wa nyuki, mwenye mizinga kumi na mmoja ya kusukwa iliyokandikwa kwa samadi, na alishikilia kwamba maharage yaliyopandwa karibu na mizinga huzaa kuliko yaliyo mbali, jambo ambalo wanawe walilisikia kila siku ya mavuno hadi wakachoka, isipokuwa mmoja.

Marehemu alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1954, akaendelea na sekondari mwaka 1961, na mwaka 1967 alichaguliwa kwenda Chuo Kikuu mjini Bujumbura, ambako alisoma kemia kwa miaka minne na kuhitimu mwezi Julai 1971. Huko ndiko alikomweleza profesa wake habari za mizinga ya baba yake, na profesa akamjibu mbele ya darasa zima kwamba ua la mharage hujichavusha lenyewe, halina haja ya nyuki, na kwamba baba yake alikuwa mtu mwema asiye na mizani. Marehemu alinisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila alipolisimulia alikuwa amesimama.

Tarehe 2 Agosti 1971 aliajiriwa kuwa mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti wa kilimo, na mwezi Septemba, kwa idhini ya mkuu wake, alianza jaribio ambalo naomba nilieleze, kwa sababu maisha yake yote yalilizunguka. Alipanda safu kumi na mbili za maharage karibu na mizinga, safu sita akazifunika kwa kitambaa chepesi ili nyuki wasiyafikie maua, safu sita akaziacha wazi, kisha akavuna, akakausha na kupima kila upande peke yake. Alijiwekea sharti moja, kwamba jibu halitatajwa mpaka apate misimu mitatu mfululizo kwenye ardhi ileile, kwani msimu mmoja unaweza kuwa ni mvua tu, na miwili inaweza kuwa ni bahati.

Msimu wa kwanza alivuna Januari 1972. Msimu wa pili aliupanda mwezi Februari, na hakuuona ukikomaa, kwa kuwa mwaka huo mnaujua, wasomi wa kituo kile walianza kuchukuliwa mmoja mmoja wasirudi, na siku ya Ijumaa, tarehe 19 Mei 1972, marehemu alivuka mpaka kuingia Tanzania kwa miguu, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, bila cheti, akiwa na daftari moja ndani ya shati.

Aliishi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na kuanzia mwaka 1975 alifundisha kemia katika shule ya sekondari, mara nyingi bila maabara, akitumia siki, majivu na maji ya chokaa. Mwaka 1977 alianza tena jaribio lake, akavuna msimu wa kwanza, mwaka 1978 akavuna wa pili, mwezi Machi 1979 akapanda wa tatu, na mwezi Aprili tukaamriwa kuhama kwenda Mishamo, maharage yakiwa na majani manne. Aliomba abaki peke yake kwa siku tisini na akakataliwa, na nakumbuka ndani ya lori hakukaa, alisimama njia nzima akitazama nyuma, mpaka dereva akauliza kama yule bwana ana jipu.

Kabla ya hapo, siku ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1978, alifunga ndoa na dada yangu Verdiane. Asubuhi ya harusi kundi la nyuki lilihama na kutua juu ya mti karibu na kanisa, na bwana harusi akaona haifai kuliacha lipotee, kwa hiyo aliingia kanisani akiwa amechelewa dakika hamsini, mdomo wa juu umevimba, na shangazi yetu akauliza kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "Huyu amevimba, au ndiyo sura yenyewe tunayopewa?" Dada yangu alicheka mpaka padri akasubiri, na kwa miaka arobaini na saba iliyofuata aliishi na mtu aliyeinuka mezani kabla chai haijaisha. Nimehesabu nyumba alizolala marehemu kama makazi yake, nikapata kumi na tisa, yaani wastani wa miaka minne na mwezi mmoja na nusu kwa kila nyumba, na si zote zilizohamwa kwa kufukuzwa, kadhaa kati ya hizo alizihama kwa sababu alisikia kwamba mahali fulani kuna udongo mzuri zaidi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Armelle aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1980, Destin aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1983, na Arnaud aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1988, na wajukuu sita.

Habari za Destin dada yangu ameniagiza nisiziruke. Mwaka 1983, pale Mishamo, marehemu alianza jaribio kwa mara ya tatu, na kwa kuwa kitambaa hakikupatikana alitumia chandarua, na chandarua kilikuwa kimoja, kile ambacho muuguzi wa misheni alikitoa kwa ajili ya nyumba inayotarajia mtoto mchanga. Alivuna msimu wa kwanza mwezi Juni, siku chache baada ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 1984 alipanda tena, na maua yalipoanza kufunguka mwezi Aprili alikitoa chandarua ndani akakitandaza shambani, kwa wiki tatu tu, alisema. Destin alishikwa na homa ya malaria na kufariki tarehe 17 Aprili 1984, akiwa na umri wa miezi kumi na siku kumi na moja. Jioni ya siku aliyozikwa mtoto, marehemu alikifua chandarua, akakifunga juu ya kitanda cha Armelle, na matanga yalipokwisha alikwenda shambani na jembe, akayalima maharage yote yakiwa na maua. Hakufuga nyuki kwa miaka tisa. Hakuna mtu anayeweza kusema kwa hakika kwamba chandarua kile kingemwokoa mtoto, na mimi nilimwambia hivyo kwa kutumia takwimu, naye akanijibu kwamba takwimu si kwa ajili ya jambo hilo.

Mwezi Julai 1993 alirudi Kayanza na familia yake, akaikuta mizinga miwili ya baba yake ingali na nyuki, akapanda tarehe 25 Septemba, na mauaji yalipoanza tena nchini, tarehe 26 Oktoba alikuwa tena njiani, safari hii na mke na watoto wawili. Walikaa katika kambi mkoani Kigoma kwa zaidi ya miaka kumi na mitatu, mahali ambapo kulima hakukuruhusiwa, na alichoweza kufanya ni kufundisha asubuhi na kutembea mchana kando ya uzio akiandika ni maua gani yamechanua na nyuki wangapi wameyatembelea kwa dakika kumi. Madaftari manne kati ya kumi na moja ni ya uzio huo.

Familia iliwasili Sydney siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 2007. Marehemu alisafisha ofisi katikati ya jiji, kisha kuanzia mwaka 2010 alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha kupakia bidhaa pale St Marys hadi alipostaafu mwaka 2016. Kwa mwaka mzima wenzake walimwita Sal na kumpa kazi ya kuosha mapipa, hadi siku alipomshika mkono kijana aliyekuwa karibu kuchanganya dawa mbili za kusafishia, akamweleza ni hewa gani ingetoka na ingemfanya nini mapafuni, ndipo msimamizi akamuuliza amejuaje, naye akasema, "Hii ndiyo kazi yangu, mapipa mmenipa ninyi." Kuanzia siku hiyo walimwita Profesa, na baadhi yao wako hapa leo.

Mwaka 2011, walipokuwa wakiishi Cabramatta katika nyumba ya kupanga yenye uwanja nyuma, Verdiane alirudi kutoka sokoni na kifurushi, akakiweka mezani mbele ya mumewe, akamwambia, "Safari hii nimenunua viwili." Vilikuwa vyandarua. Kimoja kilikwenda kwenye maharage, na kingine alikitundika juu ya kitanda chao, katika mji usio na malaria, nacho kipo mpaka leo. Walivuna msimu wa kwanza na wa pili, na mwaka 2013 nyumba iliuzwa, wakapewa siku sitini. Mwenye nyumba mpya aliombwa aache uwanja ule kwa msimu mmoja tu, lakini alikuwa amekwisha kumwaga zege.

Mwaka 2016 walihamia St Marys, katika nyumba ambamo mmekuwa mkikusanyika wiki hii, na kwa miaka saba marehemu hakupanda kitu, alisema amezeeka, akafuga mizinga sita na kugawa asali. Tarehe 28 Oktoba 2023 alianza kwa mara ya sita. Mwaka 2024 utitiri uliingia kwenye mizinga, minne ikafa, miwili ikabaki, na hiyo miwili aliihudumia kama wagonjwa, akahesabu utitiri mmoja mmoja kwa lenzi, na mjukuu wake mmoja alipomwambia kwa Kiingereza kwamba maharage yapo dukani tayari ndani ya kopo, alijibiwa kwa saa nzima. Alivuna msimu wa kwanza, akavuna wa pili.

Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya kongosho, na kwamba muda uliobaki unahesabika kwa miezi. Aliuliza ni mingapi. Walisema minne, pengine mitano, naye alitoa karatasi mfukoni akahesabu kutoka siku ya kupanda. Tarehe 1 Novemba, Arnaud alichimba mashimo na baba yake akiwa kwenye kiti cha plastiki akimsahihisha nafasi, na kuvuna kukapangwa siku ya mia moja, yaani Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026. Wiki za mwisho hospitalini hakutulia, alivuta shuka, aliuliza tarehe, alitaka kushuka kitandani, na Bridget Achola, muuguzi na jirani yetu, alipomwambia, "Lala, mzee, maharage hayakimbii," alimjibu, "Najua, binti yangu. Ni mimi ninayekimbia." Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 3 Februari, saa nane na dakika kumi mchana, Verdiane na Armelle wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, miezi mitano na siku kumi na saba. Ilikuwa siku ya tisini na nne ya maharage.

Sasa, kwa kuwa maneno yamesemwa kwa jirani zetu huko Blacktown kwamba familia hii ilivuna shamba maiti ikiwa haijazikwa, tumeona vema jambo hilo lielezwe hapa, mbele ya wote. Desturi yetu inajulikana, tangu mtu afe mpaka matanga yaondolewe, watu wa nyumba yake hawashiki jembe, hawapandi, hawavuni. Jumapili tarehe 8 tulikaa sebuleni kwa dada yangu. Utabiri ulisema Jumanne joto litafika nyuzi arobaini na moja na Jumatano mvua ya radi, maana yake maganda yangepasuka na mbegu kumwagika au kuoza, na msimu wa tatu ungepotea, safari hii bila mtu wa kuanza tena. Arnaud alisema tuvune, na wajukuu wakasema tuvune. Mzee Rénovat, ndugu wa ukoo wa marehemu na mkubwa wetu hapa Sydney, alikataa, na hakukataa kwa ubishi, naomba maneno yake yasikiwe kama alivyoyasema, "Tuliacha nchi, tukaacha ng'ombe, tukaacha makaburi ya baba zetu. Hili moja tukiliacha, watoto hawa watatuzika namna gani?" Dada yangu alikuwa ameketi mkekani, hakusema tuvune wala tusivune, alisema tu, "Mimi nimeyazika maharage ya mtu huyu mara moja, na mtoto wangu. Sitaki kuyazika mara ya pili pamoja naye."

Bridget alikuwa jikoni akipika chai ya msiba, akatoka na birika mkononi. "Samahani wazee, mimi naomba kuuliza. Hiyo sheria inashika watu wa nyumba hii, sivyo?" Mzee Rénovat akasema ndivyo. "Na majirani ndio wanawapikia, wanawafagilia, wanawabebea viti?" Akasema ndivyo. "Basi mimi ni Mjaluo wa Siaya, sina ukoo na ninyi hata kidogo, kesho natoka zamu saa saba. Nani ananizuia?" Mzee Rénovat akasema, "Huyu kwa nini alisomea uuguzi? Angekuwa wakili." Akatoa masharti mawili, kwamba hakuna mfiwa atakayegusa hata ganda moja, na kwamba maharage hayo hayataliwa mpaka matanga yaondolewe, na hadi leo yote mawili yanatimizwa.

Jumatatu Bridget alikuja na wauguzi wenzake saba, bado wakiwa na sare zao, na Verdiane aliwekewa kiti ukingoni mwa shamba, Mzee Rénovat amesimama karibu naye akilinda masharti. Wageni wetu walianza kuvuna kama watu wavunavyo kwao, wakang'oa safu ya kwanza iliyokuwa na chandarua na ya pili iliyokuwa wazi, wakazitia zote katika gunia moja. Dada yangu aliruka kutoka kitini. "Shemeji, kaa!" akasema Mzee Rénovat. "Nitakaaje, na wanachanganya!" Basi mzee mwenyewe akapaza sauti, akaanza kuwaelekeza, hii huku, hiyo kule, wewe mrefu usikanyage, na alielekeza kwa saa mbili bila kugusa kitu. Safu hizo mbili za kwanza tumeziacha nje ya hesabu, na nimeandika hivyo katika daftari. Zilizobaki, tano kwa tano, zilikaushwa katika gereji ya Bridget kwa siku tatu, zikapukuchuliwa, na siku ya Alhamisi alizipima yeye, mimi nikiandika, kwa kuwa kalamu haikukatazwa. Verdiane alikataa kuambiwa jibu. Alisema mwenye swali bado yuko juu ya ardhi, na yeye hataki kulisikia kabla ya mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu Septemba, hasa kwa kumwambia ukweli wa miezi alipouomba, inawashukuru majirani wa St Marys, parokia, Warundi na Wakenya wa Sydney magharibi, wenzake wa kiwandani, Bridget Achola na wenzake saba, na Mzee Rénovat, aliyeitunza desturi na kuutunza msimu katika siku moja. Mizinga miwili itabaki kwa Arnaud. Kama kuna tusiowataja, mtusamehe.

Limebaki jambo moja, na hili nalielekeza kwako, Salvator, shemeji yangu, na dada, nawe usikilize. Mavuno kwa safu moja, maharage makavu. Msimu wa kwanza, chini ya chandarua gramu 683, wazi kwa nyuki gramu 770. Msimu wa pili, gramu 645, na gramu 735. Msimu wa tatu, uliovunwa siku ya mia moja kama ulivyopanga, gramu 660, na gramu 730. Wastani wa misimu mitatu ni gramu 663 kwa 745, tofauti ni gramu themanini na mbili, asilimia kumi na mbili na nukta nne, kama konzi moja ya mkono wa mtu mzima kwa kila safu, na misimu yote mitatu imeelekea upande uleule. Ungenikumbusha kwamba uwanja mmoja wa St Marys si dunia nzima, nami nimeliandika hilo pia, ukurasa wa mwisho, chini ya jina lako na jina la baba yako.

Huna tena pa kuhamia kutafuta udongo mzuri zaidi, shemeji. Kaa sasa. Pumzika hapa, kwa amani.